Mzee Chekecheke na Kipimo cha Kuku Arobaini

Mzee Chekecheke alichanganya chakula cha kuku kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna kuku aliyewahi kurudi kiwandani kulalamika. Jina hilo alipewa na wapakizi kwa sababu hakupitisha kitu bila kukichekecha, iwe pumba, iwe maneno. Basi siku msimamizi alipobandika tangazo mlangoni, alilisoma mara tatu, na mara zote tatu lilikuwa lile lile. Ijumaa, kila mtu wa sehemu ya kuchanganyia atapanda ngazi ishirini na mbili na mfuko wa kilo hamsini begani, mara tatu, ndani ya dakika kumi. Atakayeshindwa atahamishiwa getini.

"Getini!" alimwambia mkewe. "Mimi, nikasimamie komeo!"

"Na hayo magoti?" aliuliza mkewe, mhudumu wa maabara ya zahanati, ambaye hakuwa na desturi ya kubembeleza magoti ya mtu. "Baba we, juzi ulipanda kitandani ukapumzika katikati."

Jumatatu mzee akaenda kwenye duka la virutubisho vya mazoezi. Muuzaji alikuwa na kifua kipana hata mlangoni alipita ubavu-ubavu kama kaa.

"Shikamoo, mzee. Unataka nguvu za namna gani?"

"Marahaba. Za ngazi."

Jeba yule akapanga makopo matatu mezani. "Hili la nguvu za papo hapo. Hili la kujenga misuli. Hili la kuondoa uchovu. Kwa umri wako, chukua yote."

Mzee akavaa miwani akaanza kuchekecha maandishi. Lusini, hamjui. Valini, hajawahi kukutana naye. Kisha jicho likatua: laisini. Methionini. Nusura kopo limponyoke.

"Hawa nawajua!"

"Akina nani?"

"Hawa! Laisini yuko stoo kwangu, mfuko wa kijani, ukiingia mkono wa kushoto. Methionini yuko dirishani kwa sababu ananuka!"

"Mzee, hizi ni asidi amino za wanamichezo."

"Na zangu ni za kuku wa nyama. Kifaranga akizila, wiki tano tu ana paja kama lako!"

Muuzaji akalitazama paja lake, akaivuta kaptula chini.

Njia nzima mzee alitembea mdomo wazi. Miaka thelathini na mmoja anawagawia kuku nguvu kwa koleo, yeye mwenyewe hajaonja hata punje! Kiwandani waliruhusiwa kubeba masalio ya chini ya mizani kwa ajili ya kuku wao wa nyumbani. Jumanne akabeba yake, laisini na methionini, akafunga vizuri, akapita getini akimwangalia mlinzi kwa huruma.

Hapa ndipo ujuzi ulipomponza. Mtu asiye na fani angelamba kijiko kimoja akaacha. Yeye alishika penseli. Kuku mmoja wa nyama, kilo mbili. Yeye, kilo themanini. Kwa hiyo yeye ni kuku arobaini. Akazidisha kipimo cha siku kwa arobaini, na kwa vile Ijumaa ilikuwa karibu, akajipangia chakula cha kumalizia, kile wanacholishwa kuku wiki ya mwisho. Mwisho wa nini, hakujiuliza.

Alikoroga kwenye maji ya limau, akabana pua, akashusha. Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo. Alhamisi jioni mkewe aliingia ndani akasimama ghafla.

"Kuna yai viza humu."

Akafungua kabati, akainama chini ya kochi, akanusa mapazia. Pua ikamzungusha chumba kizima hadi ikamfikisha kwa mumewe. Mzee, kwa fahari, akaeleza yote. Mama wa watu akaketi sakafuni.

"Ule mfuko umeandikwa nini?"

"Umeandikwa… si kwa matumizi ya binadamu."

"Na wewe ulijihesabu nani?"

"Kuku arobaini," alijibu kwa sauti ndogo.

"Yarabi! Kuku hana ini lako, na wewe huna firigisi yake! Hizo asidi ni matofali, Baba. Mtu anayekula maharage na mayai kama wewe, matofali anayo. Kurundika mengine mlangoni hakuongezi chumba. Nguvu za kupanda ngazi zinatokana na mlo, usingizi, na kupanda ngazi!" Akaumwaga ule unga wote, akamnywesha maji jagi zima. "Kesho asubuhi zahanati, wewe na mimi."

Lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Alitoroka kabla mkewe hajafunga viatu.

Safari ya kwanza ilimchukua dakika tatu. Ya pili, tano na nusu, magoti yakilia kama bawaba za stoo. Ikabaki dakika moja na nusu. Akatwika mfuko wa tatu, na kwenye ngazi ya kumi na moja tumbo likasema neno. Mbeuo ule ulishuka ngazi taratibu, kama mgeni rasmi, ukawafikia watu chini.

"Gesi!" mtu alipiga kelele. "Gesi inavuja! Tutalipuka!"

King'ora kikalia. Mzee aliposikia "tutalipuka", hakuuliza nani. Akamaliza ngazi zilizobaki mbili mbili, akavuka daraja la juu, akateremka ngazi za dharura, akakata uwanja, akawapita wapakizi vijana waliotangulia kukimbia. Aliposimama aliona watu wanamkodolea bega. Mfuko ulikuwa bado upo.

Zimamoto wakafika. Kipima gesi chao hakikulia, harufu bado ipo. Mkuu wao akakuna kidevu. "Basi imejificha ndani ya mashine ya kuchanganyia. Leteni msumeno, tuipasue."

Mzee akahisi wanampasua yeye. Akafungua mdomo kupinga, kikatoka kibeuo cha pili, pale pale uwanjani, penye upepo. Akaelewa. Akinyamaza, mashine inakufa. Akisema, geti linamngoja.

"Msiikate!" alisema. "Gesi ni mimi."

Akasimulia kila kitu, mpaka kuku wote arobaini. Mkuu wa zimamoto akavua kofia yake, kama aliye msibani.

Walipoondoka, msimamizi akamvuta mzee nyuma ya stoo, akajiweka upande upepo unakotoka. Mzee akainamisha kichwa kungoja geti lake. Msimamizi akamwonyesha saa ya kupimia.

"Juu ulifika kwa sekunde arobaini na tisa. Pale uwanjani ulijizidishia mwenyewe. Umepita, mashine ni yako." Kisha akashusha sauti. "Sasa niambie, mzee mwenzangu. Ule unga. Kijiko au kikombe?"

Mzee alimtazama kwa mshangao uliopita wote wa wiki ile.

"Bosi, ule unga haukunipandisha hata ngazi moja. Umenikalisha chooni siku mbili. Kilichonibeba ni woga."

"Woga mtupu?"

"Mtupu."

Msimamizi akapapasa mfuko wa suruali yake. "Kumbe. Na mimi zimamoto walipokuwa wanakunja mipira, nimeshapeleka nusu kilo ya ule unga garini kwangu."

Mzee Chekecheke akamnyooshea kiganja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kiberiti.

"Lete funguo, bosi."

Bosi akazileta.