Tairi la Gari kwenye Pikipiki la Mudrik

Mjini Nachingwea watu walishazoea kumwona Asmaa ameinama juu ya rimu, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, mikono myeusi mpaka viwikoni. Kibanda cha matairi kilikuwa cha mumewe, Hassani, na Hassani alipofariki Asmaa alikirithi pamoja na vyuma, kompresa na wateja.

Hassani alikufa msimu wa ufuta. Aligongwa na gari akitoka Ruangwa kwa pikipiki yake, wapita njia wakamwokota mtaroni, akafikishwa hospitali akiwa bado anapumua. Mkewe akiwa amemwinamia, alitamka maneno machache kabla hajanyamaza moja kwa moja.

"Ni Mudrik. Alishuka, akanitazama, akaondoka."

Aliyeyasikia ni Asmaa peke yake. Mudrik alikuwa mnunuzi wa ufuta na korosho, mtu wa kusalimiwa na kila mpita njia, na isitoshe rafiki wa Hassani tangu walipokuwa madrasa. Alikuja mazikoni, akashika jeneza, akakaa kwenye mkeka na kula wali wa msiba. Alimwita Asmaa shemeji, akamwambia likimpata jambo lolote asisite kumwambia. Wakati anasema hayo, pikapu yake ilikuwa Masasi inanyooshwa bodi na kupakwa rangi. Asmaa alimweleza mama mkwe wake tu, Bi Swaumu, na Bi Swaumu akamsihi anyamaze, kwa sababu aliyesema yuko kaburini na aliyesemwa ana watu.

Basi akanyamaza. Alikaa eda, akatoka, akafungua kibanda, na kila pikapu ile ilipopita na kupiga honi aliinua mkono kuitikia. Chuki yake aliifunika kama makaa ya kuwashia moto wa kesho.

Ndipo Mudrik akajipatia pikipiki. Halikuwa pikipiki la kubebea abiria. Mzungu mmoja aliyekuwa akienda Msumbiji aliugua njiani, akaamua kurudi kwao, akaliuza: pikipiki kubwa la safari ndefu, lenye masanduku pembeni na kiti kipana kama kochi. Mudrik alilipenda kupita kiasi. Hata safari za kwenda kuonana na wakulima, ambazo zamani alizifanya kwa pikapu, sasa alizifanya kwa pikipiki lake, na watoto walilikimbilia kila lilikoegeshwa.

Tatizo likawa tairi la nyuma. Lilikwisha mpaka nyuzi zikaonekana, na la saizi ile halikupatikana Lindi wala Mtwara, na Dar es Salaam waliahidi tu. Asubuhi moja Mudrik akafika kibandani na tairi la gari dogo mkononi. Alikuwa amesikia kwamba madereva wengine wa mapikipiki ya aina ile hufunga tairi la gari nyuma, likadumu miaka. Alimwuliza shemeji yake kama inawezekana.

Inawezekana, Asmaa alimjibu. Hassani alishawahi kumfungia padri mmoja wa upande wa Mnero.

Alilolijua na hakulisema ni hili. Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo, linalala pamoja na dereva anapoingia kwenye kona. Tairi la gari ni bapa. Kwenye njia iliyonyooka linatulia vizuri, mtu anaweza kudhani limetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini kwenye kona linakataa kulala. Linataka kusimama na kwenda mbele, na dereva asiyelijua huona pikipiki linamkatalia. Padri yule, Hassani hakumwacha aondoke siku ile. Alimpeleka kwenye uwanja mtupu akamzungusha polepole, kulia na kushoto, mpaka mikono yake ikazoea kulisukuma. Asmaa alikuwepo, amekaa pembeni anakula machungwa, na alimcheka padri mpaka machozi yakamtoka.

Kazi aliifanya vizuri kuliko siku zote. Alipaka sabuni kingo za tairi, akajaza upepo mpaka kingo zikaruka na kukaa mahali pake kwa mlio, akapunguza, akapima, akakaza kila nati. Mtu akija kukagua asipate la kusema. Mudrik alizunguka nyuma, akalipiga tairi teke, akaridhika.

"Kuna la kuangalia, shemeji?" aliuliza.

Asmaa alifuta mikono kwa tambara. Hapo ndipo angeweza kusema.

"Upepo tu, shemeji. Uukague kila asubuhi."

Mudrik alikuwa anakwenda Ruangwa, kisha Narung'ombe kwa wakulima wake. Alipokata kona ya kutokea kibandani pikipiki lilimyumbisha kidogo, akacheka, akapaza sauti kwamba tairi jipya lina ubishi. Asmaa alisubiri mlio wake upotee. Kisha akafunga kibanda, akaitoa pikipiki ya Hassani, ile ile aliyoinyoosha mwenyewe baada ya mazishi, akashika njia ya Ruangwa.

Hakujidanganya kuhusu anachokifuata. Alitaka amwone mtaroni kwa macho yake. Njia nzima alikuwa anaomba, na katikati ya maombi akashtuka kugundua anaomba nini, lakini hakuacha.

Alimkuta kwenye mteremko unaoelekea darajani, penye kona ya kushoto. Alama ya tairi ilieleza yote: ilikwenda moja kwa moja pale barabara ilipopinda, ikavuka upande wa pili, ikatumbukia. Pikipiki lilikuwa limelala mtaroni, na mguu wa kulia wa Mudrik uko chini yake, umebanwa kwenye bomba la moshi lililokuwa bado la moto. Suruali ilikuwa imeshikana na ngozi. Alikuwa hai na akili zake zote.

Alipomwona Asmaa alianza kulia kwa faraja. Alimwomba amsaidie kuliinua, hata kidogo tu, achomoe mguu.

Asmaa aliegesha pikipiki yake vizuri, akateremka, akachuchumaa ukingoni mwa mtaro, mahali ambapo mkono wa Mudrik haungemfikia.

"Hassani naye alikuomba?"

Asmaa aliuona uso wa Mudrik ukibadilika, ukitafuta pa kukimbilia na kukosa, na moyo wake ukafanya kitu ambacho haukufanya tangu msibani: ukafurahi.

"Alikuomba?"

"Aliniomba," Mudrik alisema.

"Alisemaje?"

"Alisema, Mudrik, usiniache hapa."

Asmaa alikaa kitako kwenye nyasi. Hakuondoka, kwa kuwa kuondoka kulikuwa kazi ya Mudrik. Alikaa pale pale akimtazama, akimsikia akilia, akimsikia akimwita mama yake, na harufu ya ngozi ilipomfikia alifunika pua kwa ncha ya ushungi akaendelea kutazama. Angeliinua pikipiki? Lilitokea lori la mkaa kabla hajaamua, wapakizi wakaruka chini, wakaliinua pikipiki na kumbeba majeruhi.

Wapakizi wale ndio waliosambaza habari kwamba mjane wa Hassani alimkuta Mudrik mtaroni akakaa naye mpaka msaada ukafika. Mji mzima ukamsifu. Mudrik, aliyelazwa na baadaye kukatwa mguu chini ya goti, hakukanusha. Angesema Asmaa alimtazama akiungua, angeulizwa kwa nini.

Sifa hizo zilimchoma Asmaa. Aliona kisasi chake kinageuzwa wema mbele ya macho yake. Kwa hiyo Mwantumu, mke wa Mudrik, alipokuja nyumbani kushukuru na kuku wawili na doti ya kanga, Asmaa hakuvipokea.

"Mumeo alikuwa anaungua nami nimekaa," alimwambia. "Hilo tairi nalo nilijua litamwangusha. Nenda ukamwulize kwa nini."

Mwantumu aliondoka, kuku wakining'inia mkononi. Bi Swaumu, aliyekuwa anapepeta ufuta uani na amesikia yote, aliweka ungo chini na kumwuliza mkwewe kama ameingiwa na wazimu.

Mwantumu alirudi kesho yake. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, macho yamevimba, akasema amemwuliza na ameambiwa.

"Damu ya kwenye pikapu niliiosha mimi," alisema. "Kwa mikono hii. Aliniambia amegonga mbuzi."

Akateleza chini mlangoni pale pale, na Asmaa, ambaye alimchukia mwanamke huyu kwa sababu tu ya kulala na Mudrik kitanda kimoja, akajikuta anamletea maji.

Mwantumu ndiye aliyekwenda polisi. Alieleza siku, saa, na jinsi pikapu ilivyopelekwa Masasi asubuhi yake kabla hakujakucha vizuri. Mudrik aliitwa, akaenda kwa magongo, akakiri. Kesi ilisikilizwa, akafungwa, na Mwantumu akarudi kwao Ruangwa na watoto.

Asmaa naye hakubaki salama. Alilieleza baraza la wazee wa mtaa habari ya tairi, hakuficha. Wapo waliosema alikuwa na haki, wapo waliosema fundi anayenyamaza ni muuaji kama dereva anayekimbia. Waendesha bodaboda wengi walihamisha matairi yao kwa fundi wa upande wa sokoni, na waliobaki walikaa wakiangalia kila nati anayoikaza. Aliwaacha waangalie.

Jioni ya siku ya hukumu walikuwa uani, yeye na Bi Swaumu, ungo kwa ungo. Bi Swaumu alimwuliza kama sasa moyo wake umepoa.

"Bado, mama."

Bi Swaumu alirusha ufuta juu, akapuliza makapi, akasema hata wake bado. Wakaendelea kupepeta.