Njia Panda Ndani ya Uwele

Raheli alikuwa anakanda udongo wa kumalizia paa la tembe yake alipowaona watu wa barabara wakipigilia vigingi ndani ya shamba lake la uwele. Aliwafuata na matope mikononi.

"Hapa itajengwa njia panda kubwa, mama," mpimaji alimwambia. "Malori yanabanana mjini mpaka soko halipitiki. Sasa yatapishana huku nje."

"Na mimi?"

"Utahamishwa."

Neno hilo lilimchoma. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu shemeji yake Mughwai, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kijiji, aje na mgambo kumtoa kwake Mtinko. Walimpakia kwenye lori, wakamleta hapa kando ya barabara, eti awe karibu na huduma. Ili asirudi, nyumba yake waliitia moto, na Mughwai mwenyewe ndiye aliyewasha. Siku ile Raheli alinyamaza.

Safari hii aling'oa vigingi vyote akavitupa barabarani, kisha akaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji.

"Shemeji, ulijua?"

"Haya ni maendeleo, shemeji. Taifa letu..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Mughwai aliinamisha kichwa. "Tuliambiwa tangu mvua za kwanza."

"Mvua za kwanza! Ukaniona napanda, ukaniona nasimamisha nguzo, ukapita unanisalimia!"

Katapila lilikuja uwele ukiwa bado mbichi. Raheli hakulisubiri. Alikuwa ameshang'oa milango, amewabebesha punda vyombo vyake, ameshika njia ya Mtinko. Mughwai alimkimbilia huku akihema.

"Kurudi kwenye mahame ni marufuku! Watanishika mimi!"

"Basi njoo na kiberiti. Njia unaijua."

Alianza upya palepale, katikati ya kuta zilizoungua. Mgambo hawakuja. Aliyekuja, baada ya wiki kadhaa, ni Mughwai, peke yake, na nguzo begani. Alipiga hodi mara ya kwanza, akapiga tena. Raheli alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuzitua, akaendelea kuchimba.

Mughwai alivua shati, akachukua jembe la pili. Walichimba mashimo kutwa nzima, jua likiwachoma wote wawili. Alipoaga, Raheli hakumjibu, wala hakumpa maji ya kunywa.