Weusi Usiotoka kwa Sabuni

...na Evodius ndiye aliyeniambia kwanza kwamba weusi huu wa mikononi si uchafu, aliniambia hapa hapa jikoni Husby, huku ughaibuni, mwaka ule nilipofika, tukimenya ndizi pamoja, mume wangu msomi anamenya ndizi, mama yake angeona angezimia, akanishika vidole akasema Agripina, hii ni kemia, ndani ya ndizi kuna vitu viwili vinavyoishi vyumba tofauti, kimoja kinaitwa fenoli, kingine kimeng'enya, kisu kikipita ukuta unabomoka, hewa inaingia, vinakutana, basi kimeng'enya kinaishika fenoli hii na ile kinaziunganisha, na nyingine, na nyingine, mpaka unakuwa mnyororo mrefu mweusi, polima, na polima haitoki kwa sabuni, nikacheka, nikasema kumbe kimeng'enya ni mshenga, naye akacheka, ndiyo, mshenga kabisa, anaunganisha watu kisha anaondoka vile vile alivyokuja, hapungui, anakwenda kwa wengine... maji ya bomba yanamwagika bure, niyafunge, hapana, niyaache, nikiyafunga atajua kwamba nasikia, yuko sebuleni na simu, anaongea na kaka yake Optatus aliyeko kwetu Muleba, anadhani maji yameniziba masikio, "arudi mwezi wa kwanza," anasema, "Anitha abaki na mimi, mtoto keshazoea shule, huyu mama yake hajifunzi lugha, hatoki ndani, anakonda tu"... arudi, kama sufuria iliyoazimwa kwa jirani... leo sikupaka mikononi hata mafuta ya kupunguza utomvu kabla ya kumenya, mimi niliyefundishwa na mama tangu mdogo, nilisahau, simu ilikuwa imeshaanza, sasa utomvu umeshika mpaka kwenye kucha, "hapana, bado sijamwambia," anasema, "atalia, ee, lakini atazoea"... nitazoea, nilizoea giza la saa tisa alasiri, nilizoea kupanda lifti na watu wasiosalimia, lakini kitanda kisicho na huyu mtoto nitakizoeaje, nani atamwambia neno la Kiswahili asubuhi, "Mamma, tvätta händerna," ananiambia Anitha hapo mezani kwa Kiswidi, nioshe mikono, hata haniangalii, anachora, namjibu nimeosha mwanangu, haitoki, "tvätta igen," osha tena, sauti ya mwalimu wake kabisa... ilikuwa Alhamisi, mlangoni pa shule, alipokataa mkono wangu, akasema smutsig, neno hilo nalijua, mchafu, mwalimu akatabasamu kwa huruma, nami nikatazama viatu vyangu, tangu siku ile navaa glavu, nafika mlangoni, namsukuma kidogo mgongoni, naondoka, sijawahi kuingia ndani, sijui hata kiti chake ni kipi, basi Evodius hajasema uongo, mtoto anaweza kukaa bila mimi, nimemfundisha mwenyewe, kila asubuhi... Laurentine wa ghorofa ya chini, yule Mkongo, alipoiona mikono alipiga makofi, "Aah, Mama Anitha! Hii mikono ni ya fundi wa garaji! Utengeneze basi na gari ya bwana yangu!" nikacheka naye, nikapanda ngazi, nikalia nimevaa koti... kule maabara anakofanya kazi Evodius wanachukua fenoli zinazobaki viwandani miti ikipikwa kuwa karatasi, wanazitilia kimeng'enya cha uyoga, wapate gundi ya mbao isiyo na sumu, na mwisho, alinieleza, wanakichemsha kimeng'enya kife, nikauliza kimekosa nini, akasema hakijakosa kitu, kazi yake imekwisha... kazi yangu imekwisha, nimezaa, nimenyonyesha, nimepika yeye akiandika, nimewaunganisha yeye na mtoto wake, sasa sufuria iko motoni, na anayechochea anaongea taratibu, hana hata hasira, "Mama Anitha, ndizi bado?" anaita, sauti ile ile ya kila Jumapili, nami nasema bado kidogo, baba Anitha, sauti yangu pia ni ile ile, ajabu... lakini juma lililopita alirudi amenuna, hakugusa chakula, akasema kimeng'enya kinanaswa, kinaunganisha weee mpaka polima inakizunguka, inakifungia humo ndani, hakiendi mbele wala nyuma, na kukitoa huwezi mpaka uivunje polima yenyewe, hasara tupu, nikamwambia pole, sikujua kwamba pole ile ni yangu mwenyewe... kinanaswa... kumbe mshenga hakwenda popote, yumo ndani ya nyumba aliyoiunganisha, giza, hapumui vizuri, hana furaha hata chembe, lakini yumo, na anayetaka kumtoa sharti avunje... naitazama mikono, weusi umeingia katika kila mstari wa kiganja, umefika hata penye kovu la kisu la utotoni, nimeusugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa majivu yaliyoletwa toka kanisani, haukutoka, na mimi nilikuwa nausugua kwa ajili ya nani... nachukua ndizi nyingine, maji bado yanamwagika, Evodius anacheka na kaka yake, bado hajaniambia kitu.

Asubuhi iliyofuata niliacha glavu nyumbani, nikampeleka Anitha, na pale mlangoni ninapoishia siku zote nikavua viatu kama wafanyavyo wanaoingia, nikamfuata ndani mpaka chumbani kwao, nikamuuliza mwalimu kwa Kiswidi changu kibovu kiti cha mwanangu ni kipi, nikakaa sakafuni kando ya kiti hicho, mikono yangu yote miwili nikaiweka juu ya meza.