Moyo wa Seremala

Seremala hakuwa na mjomba serikalini, hakuwa na shamba la kuuza, hakuwa na magego ya upande mmoja, wala subira. Ila bima za afya alikuwa nazo mbili: ya umma, aliyokatwa kwenye mshahara, na ya binafsi, aliyolipiwa na kiwanda cha samani. Majirani walimtania kwamba yeye hata mafua yake yatagombaniwa.

Mlango wa moyo wake ulipolegea, mkewe alimfikisha hospitali, akaweka kadi zote mbili mezani kwa pamoja, kwa fahari kidogo. Karani wa mapokezi akamtazama kwa huruma.

"Mama, ungetoa moja tu. Siku hizi bima hizi zinashirikiana."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri, mama. Zinagawana mgonjwa."

Kulipokucha seremala aliamka amegawanyika wima, kuanzia utosini kwenda chini, kwa mkato safi ambao yeye mwenyewe, kama fundi, aliusifu. Nusu ya kushoto ikapelekwa wodi ya umma, ikalazwa kitanda kimoja na mzee mwenye kikohozi. Nusu ya kulia ikapewa chumba chenye pazia na runinga. Moyo, kwa kuwa hakukuwa na makubaliano juu yake, ulibaki kwenye ujia, ndani ya beseni juu ya kiti cha plastiki, ukipiga. Wauguzi waliupita wakisema, "Samahani, baba."

Mke alishinda kiguu na njia.

"Mwenzangu amekula?" iliuliza nusu ya kulia.

"Amekula uji uliopoa."

"Mpelekee supu yangu."

"Wamekataa. Supu ni ya bima hii."

"Basi msalimie."

Salamu zilipofika, nusu ya kushoto ilikunja nusu ya uso. "Mwambie aache kujidai. Na yeye mguu ni mmoja tu!"

Daktari wa upasuaji alikuwa tayari, alisubiri kibali. Bima ya umma ilisema italipia moyo baada ya bima binafsi kulipa. Bima binafsi ilisema italipa kitakachobaki baada ya umma kulipa. Maofisa wao walikuja, wakapeana mikono, wakapiga picha kando ya beseni, wakaondoka.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema mzee wa kikohozi. "Hawa wanakaa. Zizi ndilo linabomoka."

Moyo ukaanza kuruka mapigo. Daktari alimnong'oneza mke kwamba moyo hautaimaliza wiki hii. Mke hakulia, aliomba karatasi. Nusu ya kulia ikaandika, kwa kuwa ndiyo yenye mkono wa kuandikia, na nusu ya kushoto ikatuma maneno. Hawakulalamika. Waliomba tu kwamba, kibali kikichelewa, wazikwe kaburi moja, maana walisikia mazishi nayo yanagawanywa.

Mke aliikunja barua, akalamba gundi, akaifunga bahasha. Akaandika anwani, ambayo sasa ilikuwa moja kwa ofisi zote mbili za bima, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.