Bwana Shuka wa Wadi ya Pili

Jumatano asubuhi, dobi wa hospitali alikaa kitandani katika chumba cha kutengwa, mikono juu ya mapaja, viganja vikitazama juu. Alikuwa na homa ya siku nne, tezi za shingo zimevimba, na vipele kumi na saba, vingi vikiwa viganjani. Muuguzi alivihesabu bila haraka, akamwekea mto mgongoni, kisha akavuta kiti.

"Ni mpox, bibi," alisema nyuma ya barakoa. "Wengine bado wanauita ndui ya nyani."

"Miaka sitini sijapeana mkono na nyani, mwanangu. Labda shemeji yangu."

Muuguzi alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Alipoifuta, akafungua fomu na kusoma: "Umegusana na nani siku ishirini na moja zilizopita?"

Dobi alijaribu kukumbuka, akashindwa. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Jumapili, kichwa kilipokuwa kinaanza kumgonga, binti yake alimletea mjukuu wa miezi mitano, naye alimpokea. Alimpokea vipi? Hilo lilikuwa limemtoka kabisa.

Ndipo kipele cha chini ya kidole gumba kikasema, "Muuza mkaa. Tulisaidiana kuinua gunia."

Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya adabu, kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Muuguzi akaandika.

"Mmoja mmoja," akaviambia vingine. "Kalamu yangu ni moja."

Cha pili kilimtaja jirani, ambaye dobi alikuwa akimsuka na kichwa kimefika nusu. Kumi na vinne vilivyofuata vilijibu kwa pamoja: "Shuka. Shuka ya wadi ya pili. Ndiyo iliyotuleta."

Fomu ilikuwa na nafasi ya watu peke yao. Dobi alimwona muuguzi anazungusha kalamu, akamwonea huruma.

"Andika tu, mwanangu. Mimi na hiyo shuka tunafahamiana. Nafua shuka mia kwa siku kwa mikono mitupu. Glavu tunaahidiwa tangu mwaka juzi."

Muuguzi akaandika: Shuka, Wadi ya Pili. Ofisini, karani aliona jina limekaa bila heshima, akaongeza "Bwana". Kesho yake wafuatiliaji wawili walitumwa kumtafuta Bwana Shuka apimwe joto. Walikuwa watu wema. Walisimama kwenye kila kitanda, wakauliza kwa upole, na kila mgonjwa akavuta shuka yake mpaka kidevuni na kusema hamjui.

Kipele cha kumi na saba, katikati ya kiganja cha kulia, hakikusema neno. Dobi alikiuliza kila asubuhi, "Ni yule mtoto?" Kikanyamaza. Muuguzi alimpigia simu binti kila siku na kurudi na jibu lile lile: mtoto hana homa, hana kipele, ananyonya vizuri. Dobi alishukuru, lakini kimya kikuu kina mshindo, na hakulala vizuri. Jirani alikuwa akiacha chupa ya uji nje ya mlango, kisha akizunguka dirishani.

"Kunywa, dada! Usitufie, nusu ya kichwa changu inakungoja!"

Siku ya ishirini na mbili, magamba yote yalikuwa yamedondoka isipokuwa la kipele cha kumi na saba. Kabla ya kudondoka, kipele kikasema, "Mimi sikumgusa mtu. Mtoto ulimpokea kwa taulo, ukamrudisha kwa taulo."

"Mbona umenitesa hivi siku zote hizi?"

"Fomu iliuliza uliowagusa tu."

Dobi aliona ni kweli. Mchana binti yake alikuja na mtoto. Bibi alimlaza begani, akapitisha ngozi mpya ya viganja vyake mgongoni mwa mtoto, juu na chini, mpaka udenda wa mtoto ukamlowesha bibi shingo. Hakuufuta.

Jumatatu alirudi kazini. Glavu hazikuwa zimefika. Ofisi ilisema zitaagizwa Bwana Shuka atakapopatikana. Kwa hiyo dobi, kabla ya kuinua rundo, aliiuliza kila shuka hali yake. Nyingi zilikuwa na adabu na zilisema kweli. Zilizosema zinaumwa aliziinua kwa mpini wa ufagio, akazipa pole moja moja, akazishusha kwenye maji ya moto.