Mshenga wa Esta

Pale Samuye, kijana akitaka kuoa na wazee wake hawajui waanzie wapi, wanamfuata Mzee Masalu. Ana ng'ombe wachache, ana maneno mengi, na ana koti la kahawia ambalo akilivaa tu kijiji kizima kinajua kuna binti wa mtu anakwenda kuposwa. Amekuwa mshenga tangu Esta, binti yake wa mwisho, hajazaliwa. Lakini ukimwuliza sifa yake ni ipi, hatakutajia ndoa. Atakwambia kwamba hajawahi kuiacha nyumba iliyomtuma bila jibu. Wakikubali anarudi anacheka. Wakikataa anarudi vilevile, anaingia, anasema hapana mbele ya watu wote, wenye kulia wanalia, yamekwisha. Na akishaanza kuisimulia sifa hiyo, heri uwe umeacha chungu jikoni upate kisingizio cha kuondoka.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kunyamaziwa na kampuni ya Geita.

Esta alisomea famasi, akamaliza vizuri, na kampuni moja inayoendesha zahanati za migodini ikamwita kwenye usaili. Kabla hajaenda, Mzee Masalu alikaa kwenye kigoda uani, akajifanya bosi, akamwuliza binti maswali ambayo binti mwenyewe alikuwa amemfundisha kuuliza. "Eleza udhaifu wako," akasema kwa sauti nzito. Esta hajafungua hata mdomo, mzee akajijibu: "Huna. Waambie huna. Kama wanabisha, waje waniulize mimi." Mama Esta, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Esta akaenda, akasailiwa, akarudi anang'aa. Walimpenda, alisema. Kila alipojibu, mmoja wao alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Na wakati wa kuagana walimshika mkono wakamwambia, "Tutakupigia."

Hawakupiga. Alipotoka kwenye usaili pamba ilikuwa ndiyo kwanza inapasuka mashambani. Pamba ikachumwa, ikapimwa, ikauzwa, malori yakaibeba kwenda kwenye viwanda vya Shinyanga mjini, na simu ya Esta ikabaki kimya. Namba ngeni ikiingia, alisimama wima, akakohoa kidogo, akasema kwa Kiswahili cha ofisini, "Halo, Esta Masalu naongea," kumbe ni mtandao wa simu unamwuliza kama anataka wimbo wa kuitikia. Mzee Masalu aliuona uso ule ukiporomoka mara nyingi, na hata mara moja hakuuzoea.

Lililozidisha maumivu ni Buseresere. Huko alikuwako Lusia, dada yake Masalu, mwenye duka la dawa karibu na barabara ya kwenda Biharamulo. Mtoa dawa wake alikuwa ameolewa na kuhamia mbali, naye hakutaka kumtafuta mgeni wakati ana mtoto wa kaka yake aliyesomea kazi hiyohiyo. "Chumba kipo, kazi ipo, aje," alisema kwenye simu. Esta akamjibu kwa adabu kwamba asubiri kidogo. Hakuwa anaringa. Alihofu kumwanzia shangazi kazi leo, kisha Geita wapige, amwache kwenye mataa. Shangazi akasubiri, akasubiri tena, na mwishowe akasema mwezi huu ukiisha atamchukua mtu mwingine, maana wateja wanarudi mikono mitupu na duka halijiendeshi. Mwezi wenyewe ulikuwa unakatika.

Asubuhi moja Mzee Masalu akatoka ndani amevaa koti la kahawia.

"Baba Esta," mkewe akamwuliza, "nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Nakwenda Geita kufuata jibu la mtoto."

Esta alikuwa anafagia. Ufagio ukamwanguka. "Baba, nakuomba! Siku hizi watu hawafanyi hivyo. Wataniona mshamba, wataniona nimemtuma baba yangu!"

"Sisi tulipeleka posa, sivyo? Tukapokewa, tukakalishwa, tukaambiwa twende nyumbani tungoje. Tumengoja. Sasa mshenga anakwenda kuuliza. Wakisema ndiyo, ndiyo. Wakisema hapana, unakwenda Buseresere moyo mweupe. Lakini hili la kukaa kama mtu aliyefungiwa ndani na ufunguo hajui nani anao, hili sitaki."

"Baba..."

"Gete, kweli kabisa, mwanangu, ningekuwa na subira ningekuwa nimeshakufa zamani." Usemi huo hauna maana yoyote, ila Mzee Masalu huutumia anapotaka mazungumzo yaishe. Akaenda barabarani kungoja basi la Kahama ili aunganishe la Geita.

Mapokezi ya kampuni ile yana viti vya ngozi vinavyomeza mtu. Mzee Masalu aliuona ujanja huo akabaki amesimama. Binti wa mapokezi, Shamimu kwa jina, akamwamkia na kumwuliza kama ana miadi. Akajibu kwamba miadi anayo tangu pamba inapasuka. Binti akaenda kumwita ofisa aliyehusika.

Akatoka kijana mwembamba mwenye miwani. "Shikamoo, mzee. Naitwa Donatus."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mshenga wa Esta Masalu wa Samuye."

Donatus akadhani kuna mtu ofisini ameingia kwenye matatizo ya mke. Akamvuta haraka ndani, akafunga mlango, akamkalisha. Ilibidi mzee aeleze kuanzia mwanzo: posa ni maombi ya kazi, nyumba ya binti ni kampuni, na yeye amekuja kuchukua jibu. Kijana akacheka. Akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Mzee, nafasi ile ilishajazwa. Zamani sana. Aliyepata alikuwa na uzoefu wa miaka mingi."

Mzee Masalu alikuwa amejiandaa njia nzima kulisikia neno hilo. Lilipokuja, maandalizi yote hayakumsaidia. Akamwona Esta na blauzi yake aliyoipiga pasi mara mbili.

"Alikosea wapi?" akauliza, na sauti haikuwa ya mshenga tena.

"Hakukosea popote. Ukweli nilimpenda mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa natikisa kichwa."

"Sasa kwa nini hukumpigia?"

Donatus akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema mwanzoni mwa kazi yake aliwahi kumpigia mtu mmoja kumwambia amekosa. Yule bwana alilia. Mwanamume mzima, alilia mpaka mkewe akaja kuchukua simu akamtukana Donatus matusi ambayo hajayasahau mpaka leo. Tangu hapo kila akiinua simu mkono unakuwa mzito. "Nikaona bora ninyamaze, wataelewa wenyewe."

Sasa hapo Mzee Masalu alipaswa kumkaripia, na maneno alikuwa nayo ya kutosha. Ila akakumbuka nyumba moja alikopeleka hapana akafunguliwa mbwa, akapoteza kiatu kimoja kwenye shamba la mihogo. Akamsimulia. Donatus akacheka mpaka Shamimu akachungulia mlangoni. Wakacheka wote wawili, kama watu wa fani moja waliokutana safarini.

"Hawaelewi wenyewe," mzee akasema walipotulia. "Wangu hajaelewa. Anakaa na simu kama mtu anayeuguza. Mpigie, mwanangu. Atalia, sawa, ana haki. Ila mpigie."

"Nitampigia, mzee. Nakuahidi."

Nitampigia! Mzee Masalu akaitikia vizuri, akaaga vizuri, akashukuru, na moyoni akajisemea kwamba neno ni lilelile, limebadilishwa nafsi tu. Kijana ni mtu mwema, lakini simu haitapigwa. Kwa hiyo hapana ile ataibeba yeye mwenyewe hadi Samuye.

Alilala Geita kwa jamaa yake, na kesho yake akapanda basi. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi. Ataingia, atavua kofia, atasema. Amesema maneno hayo kwenye nyumba nyingi, mbele ya akina baba wakali na akina mama wenye kuzimia. Ila kila alipofika kwenye lile neno lenyewe alimwona binti yake akisimama wima na kukohoa kidogo, na neno likarudi lilikotoka. Walipopita Kahama alikuwa ameamua kumwambia baada ya chakula. Walipopita Tinde alikuwa ameamua kumwambia kesho. Alipoteremka Samuye hakuwa na uamuzi wowote, alikuwa na woga mtupu, na alijichukia kwa ajili yake.

Esta alimpokea njiani, akamtua mfuko. "Shikamoo, baba. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Hakuuliza kitu. Mzee akamshukuru Mungu kwa binti asiyeuliza, akaketi, akaletewa maji ya kunawa, ugali na maziwa ya mgando. Mshenga hali chakula kabla hajasema alilokuja nalo, hiyo ndiyo desturi yake na amewaonya nayo wengi. Masalu akanawa, akamega tonge. Akaanza kusifia Geita: majengo, lami, taa, vijana wa machimboni wanavyovaa miwani ya jua hadi ndani ya vyumba. Mama Esta akamtazama, akamtazama binti, akainama kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Na kampuni?" mama akauliza hatimaye.

"Aa, kampuni!" Mzee Masalu akameza tonge ambalo halikutaka kumezwa. "Watu wazuri sana. Wamemsifu mtoto, hamuwezi kuamini. Wanasema... wanasema bado wanatafakari. Mambo ya ofisi yanakwenda polepole. Tuwape muda kidogo."

Ndivyo alivyosema, mshenga wa Samuye, kwa mdomo wake.

Esta akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya baba yake. Macho yake yalikuwa yamevimba, na ndipo mzee alipoyatazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Baba, Donatus alinipigia jana."

Tonge likabaki mkononi.

"Nadhani ulikuwa hujatoka hata getini kwao. Aliniambia kila kitu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, baba, mpaka nikamwonea huruma. Akaniomba msamaha kwa kuchelewa. Nikalia hapohapo akiwa ananisikia, na hakukata simu. Alingoja mpaka nikamaliza." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Halafu nikampigia shangazi. Nakwenda Buseresere keshokutwa."

Mzee Masalu hakuweza kuinua uso. Kilichomuuma hakikuwa kufumaniwa, maana kufumaniwa kunapita. Alikuwa anahesabu moyoni kilichokuwa karibu kutokea. Kama yule kijana mwenye miwani angenyamaza kama alivyozoea, Esta angeendelea kungoja kwa neno la baba yake, mwezi ungeisha, na duka la Lusia lingepata mtu mwingine. Geita wasingekuwa na kosa tena. Kosa lingekuwa lake, yeye aliyevaa koti kwenda kuwafundisha watu kusema ukweli.

"Nimepeleka hapana nyumba nyingi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa najiona hodari. Kumbe sikuwa hodari, wale walikuwa watoto wa watu."

Mama Esta akageuka upande, akajifanya moshi umemwingia machoni. Esta hakujifanya kitu. Alimsogelea baba yake, akamtoa tonge mkononi taratibu, akalirudisha kwenye sahani.

"Baba, uliondoka hapa na swali langu. Nirudishie jibu langu."

"Si umeshalipata?"

"Nimelipata kwake. Nalitaka na kwako. Sitaki niende Buseresere nikuache umelibeba."

Mzee Masalu akanawa mikono upya. Akasimama, akavua kofia, akafunga vifungo vya koti la kahawia vyote, hata kile cha juu ambacho hakifungi vizuri. Akawageukia mkewe na binti yake kama anavyowageukia watu wa nyumba za wengine.

"Wenye nyumba," akasema, "mlinituma Geita. Nimefika, nimepokewa kwa heshima. Nimewauliza. Wamesema..." Alingoja, na hakuna aliyemsaidia. "Wamesema hapana, mwanangu. Na mimi imeniuma sana."

"Tumesikia, baba," Esta akasema, machozi yakimtiririka na uso ukiwa umetulia kuliko ulivyokuwa tangu pamba ipasuke. "Wabeja, asante kwa miguu yako."

Kisha akamvuta mkono akamkalisha, akamjazia maziwa kwenye bakuli, akamwambia ale, maana chakula kilikuwa kinapoa.