Kapiteni wa Meza ya Chuma

Kama kengele ya saa sita ingelia kabla samaki hajafika ufukoni, Atumani angelazwa kifudifudi apigwe viboko vinane vya chikoti, kisha afungwe buloko, yaani jela, siku saba. Raphaël, karani wa serikali, alikuwa amelisema hilo Alhamisi iliyopita mbele ya watu wote, kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la misa. Na Raphaël hakuwa mtu wa kutania.

Subira alijua kwamba mume wake asingetoka mzima katika siku hizo saba. Mkono wa kulia wa Atumani ulikuwa umevimba hadi kiwikoni. Wiki mbili nyuma, mbenga, samaki mwenye meno kama msumeno, alikuwa amekimbia na ndoano wakati mshipi umezungushwa mkononi, nyuzi zikakata nyama mpaka kwenye mfupa. Masista wa misheni walikisafisha kidonda mara mbili, wakakifunga kitambaa, wakamwambia asiguse maji. Raphaël naye alikiona. Akasema kila mvuvi aliyeandikwa kwenye orodha ana samaki wake mkubwa mmoja wa kuipa serikali kila wiki, na orodha haina neno mkono.

Basi asubuhi ile ya Alhamisi walitoka wawili, mume na mke, katika mtumbwi mmoja. Miaka kumi na minane Subira alikuwa amekausha samaki kwa moshi na kuwapeleka sokoni Kasongo, lakini hakuwahi hata siku moja kushika mshipi wenye samaki aliye hai. Wanawake wa ufuko ule hawakuvua kwa ndoano. Alipopita na kafi begani, majirani waligeuza nyuso, si kwa dharau bali kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko maneno.

Mwaka huo, 1938, fundi mmoja mzungu alikuwa amekuja kutafuta mwamba chini ya mchanga wa Lualaba. Ilisemekana kuna daraja litakalojengwa, ili pamba ya Kabambare ivuke kwenda kwenye reli. Katikati ya mto walisimamisha jukwaa la mbao juu ya miguu minane ya chuma, na hapo juu wafanyakazi walishindilia bomba la chuma ardhini kutwa nzima. Watu waliliita Meza. Kiangazi kimoja tu kilitosha: miguu ikaota ukoga, samaki wadogo wakaja kula ukoga, na wakubwa wakaja kula wadogo. Mkubwa wao alikuwa kapiteni, yule samaki mpana wa magamba ya fedha, ambaye nguvu zake zote ziko mabegani.

Lakini Meza ilikuwa pia mahali pa kufa. Magogo yaliyoletwa na mkondo yalikwama kwenye miguu ile, na maji yalipita chini yake kwa kunyonya. Mitumbwi ilikatazwa kusogea. Aliyefika karibu, alifika kwa hatari yake.

"Hapa," Atumani akasema walipokuwa juu ya mkondo, pima nane kabla ya Meza. "Tupa jiwe. Hapana kwenda karibu zaidi. Chambo ndiyo inaenda kumutafuta samaki, hapana mutumbwi."

Subira akatupa jiwe la nanga. Kamba ikakimbia, ikakaza, mtumbwi ukatulia huku pua yake ikitazama mto unakotoka. Atumani alikaa mbele penye kamba. Subira akakaa nyuma, uso kwa uso na ile miguu minane.

"Toboa chambo mu mugongo, juu juu, apate kuogelea," Atumani akasema. "Chambo ikikufa, kapiteni haiitaki."

Subira alichukua kisamaki kimoja kutoka kwenye chungu cha maji, akakitoboa. Akaachia mshipi kidogo kidogo, mkondo ukaubeba kuelekea Meza.

"Wale wadogo watakugonga kwanza. Usiwajali. Wadogo wakiwa juu, baba yao iko chini yao."

"Na akikamata?"

"Akikamata, usimupe nafasi ya kugeuza kichwa. Vuta pima tatu bila kupumua. Akiingia mu miguu ya chuma, hautamuona tena. Na Mama Nuru..." Akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Hapana kuzungusha mushipi ku mukono. Hata mara moja."

Nyundo ya Meza ilipiga. Kila pigo lilipita ndani ya maji na kufika kwenye mbao za mtumbwi, miguuni mwake. Jua lilipanda. Wadogo waligonga, tik, tik, wakaiba kisamaki cha kwanza. Akaweka cha pili, wakakiiba. Chunguni vikabaki viwili.

"Saa ngapi?" Subira akauliza.

Atumani alitazama jua. Subira aliona jasho limemlowesha mumewe shingoni, na haikuwa jasho la joto, maana alikuwa akitetemeka. Homa ilikuwa imerudi.

Akaweka cha tatu. Safari hii wadogo walinyamaza ghafla, kana kwamba mtu mzima ameingia chumbani. Mshipi ukalala kimya. Halafu ukaondoka.

Haukuvutwa, uliondoka, kama ng'ombe anayeondoka na kigingi chake. Subira akapiga kelele, akavuta. Alivuta pima moja, akavuta ya pili, na hapo akapumua. Pumzi moja tu. Samaki akageuza kichwa, mshipi ukakimbia mikononi mwake ukimchoma, ukapinda kwenye mguu wa pili wa Meza, ukasimama. Alipovuta, alihisi chuma.

"Amefunga!" akasema.

"Usikate! Niachie mimi!"

"Baba Nuru, kaa chini!"

Lakini Atumani alikuwa amesimama. Alipita katikati ya mtumbwi kwa hatua mbili, akainama kuushika mshipi kwa mkono wa kushoto. Mtumbwi ukalala ubavu. Subira aliona nyayo zake nyeupe zikielea hewani, kisha hakuna mtu.

Aliibuka pima nne kutoka mtumbwini, mdomo wazi. Mkondo ulimpeleka moja kwa moja kwenye magogo. Akarusha mkono wa kushoto, ukapata mshipi uliokaza kati ya mtumbwi na chuma, akaushikilia. Maji yalimpanda kichwani, yakashuka, yakampanda tena. Nyuzi zilikuwa zinakata kiganja chake kilichobaki.

Subira akaanza kuvuta. Mshipi haukuja, kwa sababu upande wa pili ulifungwa na Meza. Alivuta mpaka akalia. Huko juu nyundo iliendelea kupiga, na hakuna aliyeona.

Hapo akaacha kuvuta. Akajilazimisha kutazama. Mshipi umefungwa chini, mtumbwi umefungwa juu, na Atumani yuko katikati kama nguo juu ya kamba. Mshipi hautakuja mpaka ulegee. Na hautalegea mpaka mtumbwi ushuke.

Kushuka maana yake ni kwenda kwenye magogo.

Akazungusha mshipi kwenye ubao wa kukalia, akatambaa hadi mbele, akafungua kamba ya nanga kwenye kigingi. "Bismillahi," akasema, akaiachia pima moja. Mtumbwi ukashuka. Akaiachia pima mbili zaidi, akaifunga tena, akarudi nyuma mbio kwa magoti. Sasa mshipi ulikuwa umelegea upande wa chuma. Akavuta, na Atumani akaja naye, mzito kama gunia lililolowa, pima moja, mbili, tatu. Halafu mshipi ukakaza tena.

Mara ya pili alipokwenda mbele, aliona kamba ya nanga imebaki pima nne tu. Akaziachia zote. Mtumbwi ukashuka mpaka kivuli cha Meza kikamfunika, na sauti ya maji chini ya magogo ikawa karibu kama sauti ya mtu anayekunywa uji. Akavuta. Kichwa cha Atumani kikagonga ubavu wa mtumbwi. Subira akamshika kwapani kwa mikono miwili, lakini hakuweza kumpandisha. Kila alipojaribu, mtumbwi ulitaka kupinduka.

"Ee! Watu wa juu!" akapaza sauti. "Watu wa Mungu!"

Nyundo ikanyamaza. Uso ukachungulia kati ya mbao. Alikuwa Grégoire, mtu wa kabila la Wazimba, wa miaka arobaini, aliyekuwa mkubwa wa zamu. Alitazama mtumbwi, akatazama nyuma yake alikokuwa fundi mzungu, akatazama tena chini. Kisha akashuka ngazi ya chuma, akazama hadi kiunoni, akamshika Atumani mkanda wa suruali.

"Mama, musukume!"

Walimpandisha ngazini kama mzigo. Mzungu alikuwa anafoka huko juu. Grégoire alimjibu kwa Kifaransa, maneno mawili, akaendelea kupanda.

Atumani alilala juu ya mbao akitapika maji. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimefunguka. Aliponyoosha shingo na kumwona mke wake bado mtumbwini, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Samaki?"

Subira akavuta mshipi. Grégoire alikuwa ameuchomoa kwenye mguu wa Meza alipokuwa majini. Ulikuja mwepesi, na mwishoni mwake ndoano ilikuwa imenyooka kama sindano.

"Njoo, mama, panda na weye," Grégoire akasema. "Tutamupeleka ufukoni na mutumbwi ya kazi."

"Kengele bado muda gani?"

"Tunaacha kazi sasa kwa chakula. Kengele inakuja nyuma kidogo, tukimaliza kula."

Subira akatazama chungu. Kisamaki kimoja kilikuwa kikizunguka chini. Ndoano ya akiba ilikuwa imechomekwa kwenye kipande cha gome. Akaifunga kwa meno. Kisha akakamata kamba ya nanga na kuuvuta mtumbwi kinyume na mkondo, pima kwa pima, mikono ikitoka damu, mpaka Meza ikawa tena mbali. Atumani alimwita jina lake, Subira, si Mama Nuru, lakini hakugeuka.

Nyundo ilikuwa kimya. Wafanyakazi walikuwa wakila, makombo ya ugali yakianguka mtoni, na maji yakaanza kuchemka kwa samaki wadogo. Akaachia chambo kipite katikati yao, kizame, kiende kwenye kivuli. Hakungoja sana. Mshipi ulipoondoka, alifunga mdomo, akavuta. Pima moja. Pima mbili. Kichwa kilitaka kugeuka, akakihisi kinavyotaka, akavuta kwa mgongo na kwa mapaja. Pima tatu. Macho yalimwingia giza. Alivuta pima ya nne kabla hajapumua.

Kapiteni alitoka majini akiwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, mgongo umesimama miiba.

Ufukoni Raphaël alisimama na karatasi yake. Kengele ilikuwa inalia bado. Alimtazama samaki, akamtazama Atumani, aliyekuwa amelazwa mchangani, mikono yote miwili imefungwa vitambaa, akamtazama Subira aliyelowa.

"Nani alimuvua huyu?"

Subira alifungua kinywa. Alitaka kusema. Hakuwahi kutaka neno kama alivyolitaka lile.

"Maana kama mwanamuke huyu anajua kuvua," Raphaël akaendelea, huku akigeuza kalamu, "basi nyumba hii iko na wavuvi wawili. Nitaandika samaki wawili kila wiki."

Subira akafumba kinywa.

"Ni mimi," Atumani akasema kutoka chini.

"Na mikono gani?"

Grégoire, aliyekuwa akiweka kafi la mtumbwi wa kazi, akasema bila kuinua kichwa, "Nilimuona na macho yangu, karani. Alimukamata, akaanguka naye. Wote kule juu waliona."

Raphaël aliwatazama watatu hao kwa zamu. Alijua, na wao walijua kwamba anajua. Mwishowe akaandika, akaashiria samaki abebwe, akaondoka.

Jioni Subira alibadilisha vitambaa vya mikono ile miwili. Alhamisi nyingine ilikuwa mbele yao, na hakuna aliyeitaja. Alimlisha uji kwa kijiko. Atumani alimeza, akageuza uso ukutani, kisha akaurudisha.

"Kapiteni alipotaka kugeuza kichwa," akauliza, "ulijuaje?"

Subira akaweka bakuli chini, akamweleza.